Shuleni nilikuwa wa kwanza, chuoni nimepata 31: nihame kozi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Niko mwaka wa kwanza, uhandisi wa mitambo. Sekondari nilikuwa naongoza darasa kwa hesabu na fizikia, na nyumbani walishaanza kuniita injinia kabla hata sijaripoti chuoni. Sasa muhula haujafika katikati na mambo yamenigeukia. Jaribio la kwanza la statiki, somo la kani kwenye vitu vilivyotulia, nimepata 31 kati ya 100. Kalkulasi nimepona kwa 48, lakini najua karibu nusu ya alama hizo zimetoka kwenye maswali niliyowahi kuyaona.

Kinachoniuma ni kwamba mimi si mvivu. Mihadhara yote nahudhuria na nanakili kila kinachoandikwa ubaoni. Usiku napitia madaftari mara mbili, mara tatu, wakati mwingine hadi saa nane. Wenzangu wana faili la maswali ya miaka iliyopita yaliyokwisha kufanywa, na nikilisoma naelewa kabisa, hatua kwa hatua. Lakini kwenye jaribio nilipokutana na swali la boriti yenye mzigo, kalamu iligoma. Fomula ziko kichwani, ila sikujua ni ipi inatakiwa wala pa kuanzia.

Somo la kompyuta ndiyo kabisa. Tulipewa kazi ya kubadili joto kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi kwa lugha ya C. Programu yangu haitoi kosa lolote, lakini jibu ni 0 kwa kila namba ninayoingiza. Michoro ya kiufundi nayo inamaliza wikendi yangu, maana nafuta, narudia, karatasi inachakaa, naanza upya.

Mtihani wa katikati ya muhula uko wiki tatu mbele, na niko nyuma karibu kila somo. Mhadhiri akiuliza kama kuna swali, ukumbi mzima kimya, nami nanyamaza. Nyumbani sijawaambia kitu. Nafikiria kuhamia kozi nyingine kabla sijafeli. Nifanyeje, na wiki hizi tatu nizitumie vipi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umelieleza tatizo lako vizuri kuliko unavyodhani. Unasema ukisoma swali lililokwisha kufanywa unaelewa, ila ukipewa karatasi tupu hujui pa kuanzia. Kuelewa kazi ya mwingine na kuianza kazi mwenyewe ni uwezo wa aina mbili, na mtihani wa uhandisi unapima huo wa pili. Saa zako zote za usiku zimekwenda kwenye ule wa kwanza. Alama 31 inatoka hapo.

Sekondari njia yako ilifanya kazi kwa sababu swali la mtihani mara nyingi lilikuwa ndugu wa damu wa swali la daftari: namba zimebadilishwa, hatua ni zile zile. Chuoni mhadhiri anakupa mfano wa boriti yenye mzigo katikati, kisha kwenye jaribio anausogeza mzigo pembeni, anaongeza kamba iliyoinama kwa nyuzi 30, na uzito anautaja kwa kilo. Kanuni hazijabadilika hata moja. Aliyekariri mpangilio wa hatua anapotea hapo hapo, maana mpangilio wenyewe haufanani tena na alichokikariri.

Na kurudia kusoma kunadanganya kwa namna ya pekee. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Baadhi walisoma matini na kuyasoma tena. Wengine waliyasoma mara moja, kisha wakajaribu kuyaandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana saa nane usiku unafunga daftari ukijiona umeiva, na siku ya jaribio huoni kitu.

Basi tuanze na swali lililokushinda, la boriti, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu unachohitaji kujizoeza.

Tuseme boriti ina urefu wa mita 4. Kushoto imeshikwa na egemeo la pini, kulia imelala juu ya rola. Mzigo wa kilo 60 umening'inizwa mita 1 kutoka kushoto, na uzito wa boriti yenyewe unapuuzwa. Unaulizwa kani kwenye kila egemeo.

Kikokotoo kiweke mbali. Chora boriti peke yake, kama vile inaelea hewani, bila ukuta, bila nguzo, bila ardhi. Kila unachokiondoa lazima kiache mshale nyuma yake, na mshale huo unaupata kwa kujiuliza: kitu hiki kilikuwa kinaizuia boriti isifanye nini? Pini inaizuia isiende pembeni na isiende juu wala chini, kwa hiyo inaacha mishale miwili, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima. Rola inaruhusu kuteleza pembeni, hivyo inaacha mshale mmoja tu wa wima. Ncha ya boriti ingekuwa imejengewa ndani ya ukuta, ungeweka mishale miwili pamoja na momenti (nguvu ya kuzungusha, yaani kani mara umbali), kwa sababu ukuta unazuia hata kuzunguka. Halafu njoo kwenye mzigo. Kilo 60 si kani. Zidisha kwa 9.81, mchapuko wa mvutano wa dunia, unapata niutoni 588.6, mshale wa kwenda chini. Andika umbali wote kwenye mchoro huo huo.

Sasa hesabu visivyojulikana. Viko vitatu. Kwa kani zilizo kwenye bapa moja, msawazo, yaani hali ya kitu kutulia, unakupa milinganyo mitatu: jumla ya kani za mlalo ni 0, jumla ya kani za wima ni 0, jumla ya momenti kuzunguka nukta yoyote ni 0. Vitatu kwa mitatu, swali linafanyika. Boriti ingekuwa imejengewa ukutani pande zote mbili ungekuta visivyojulikana sita kwa milinganyo mitatu, na hapo statiki peke yake haitoshi. Kulijua hilo mapema kunakuepusha kuhangaika nusu saa na kitu kisichowezekana.

Nukta ya momenti ichague pale ambapo visivyojulikana vingi vinapita. Hapa ni pini ya kushoto: kani zake mbili zinapita kwenye nukta hiyo, kwa hiyo hazina momenti kuizunguka. Kinachobaki ni kani ya rola mara 4, sawa na 588.6 mara 1. Rola inabeba niutoni 147.15. Kwa wima, pini inabeba 588.6 kutoa 147.15, yaani niutoni 441.45. Kwa mlalo ni 0, kwa kuwa hakuna kinachosukuma pembeni.

Usilifunge swali bado. Chukua momenti kuzunguka rola: 588.6 mara 3, gawanya kwa 4, inarudi 441.45. Kisha tumia macho: mzigo uko karibu na kushoto, basi kushoto lazima kubebe zaidi. Mwanafunzi aliyesahau 9.81 angepata 15 na 45 na kuziita niutoni. Niutoni 15 ni uzito wa kitu cha kilo moja na nusu hivi. Mtu akijiuliza tu kama hilo linaingia akilini kwa mzigo wa kilo 60, kosa analikamata kabla msahihishaji hajalikamata.

Nimelirefusha swali hili kwa makusudi. Ona kwamba fomula hazikuchaguliwa kutoka kwenye orodha. Zilitoka kwenye mchoro. Swali lako la "sijui ni fomula ipi" linaisha pale unapoacha kutafuta fomula na kuanza kuchora. Ukifika kwenye kenchi utafanya hivi hivi kwa kila kiungo, na kwenye msuguano hivi hivi pia. Makosa utakayokutana nayo sana ni haya: kuacha egemeo kwenye mchoro na wakati huo huo kuchora kani yake, kuchora kani iliyo ndani ya kitu kana kwamba inatoka nje, na unapotenganisha vitu viwili vilivyoungana, kusahau kwamba kani kwenye kiungo ni sawa kwa ukubwa lakini mwelekeo unageuka. La mwisho hilo ndilo linalomaliza alama za wengi kwenye fremu na mashine.

Namna ya kufanya mazoezi ni hii. Chukua swali ambalo jibu lake la mwisho unalo lakini hatua huzioni. Lipe dakika 20 hadi 30 za kweli, kwa mkono wako. Ukikwama, fungua suluhisho usome mstari mmoja tu, lifunge, uendelee. Ukikwama tena, mstari mwingine. Ukishamaliza, weka alama pembeni ya swali, na baada ya siku mbili lifanye upya kwenye karatasi tupu bila kuangalia popote. Likikubali, limekuwa lako. Likigoma, lirudishe kwenye foleni. Lile faili la wenzako si baya, tatizo ni unavyolisoma kama gazeti. Funika majibu.

Pata pia daftari dogo la makosa. Anza na karatasi ya jaribio uliyopata 31, leo. Kila alama iliyopotea iandikie sababu: mchoro ulikosea, ishara ya kujumlisha na kutoa iligeuka, vizio vilichanganywa, aljebra iliteleza, au wazo lenyewe hukulielewa. Mara nyingi mtu anayejiambia hajui statiki anakuta sehemu kubwa ya alama imekwenda na ishara na vizio, na hayo yanatibika ndani ya wiki moja. Ukikuta ni wazo lenyewe, hapo unajua ni mada gani ya kumpelekea mhadhiri.

Vizio vinastahili neno la ziada. Milimita 1 ni mita 0.001, lakini milimita 1 ya mraba ni mita za mraba 0.000001. Wengi wanagawanya eneo kwa 1000 na jibu linatoka likiwa na kosa la mara 1000. Njia salama kwenye hesabu za mkazo (kani gawanya kwa eneo) ni kukaa na niutoni na milimita mwanzo hadi mwisho, kwa sababu niutoni 1 kwa milimita ya mraba ni megapaskali 1 kamili. Fimbo yenye kipenyo cha milimita 10 ina eneo la milimita za mraba 78.5, ukiivuta kwa niutoni 5000, mkazo ni kama megapaskali 64. Hakuna sifuri za kuhesabu kwa kidole.

Kwenye kalkulasi nashuku kwamba tatizo si kalkulasi. Difrenshiesheni yenyewe ina kanuni chache, na wengi wanazishika. Kinachowaangusha ni aljebra ya sekondari iliyolegea kidogo, ambayo zamani haikuwagharimu. Jipime sasa hivi: je, kipeo cha pili cha a jumlisha kipeo cha pili cha b, chini ya alama ya kipeuo, kinakuwa a jumlisha b? Weka 3 na 4. Kipeuo cha 25 ni 5, na 3 jumlisha 4 ni 7. Je, 1 gawanya kwa (a jumlisha b) ni sawa na 1/a jumlisha 1/b? Weka 1 na 1: nusu si 2. Kama mkono wako umewahi kuandika mojawapo ya hayo chini ya haraka ya mtihani, tenga dakika 20 kila asubuhi kwa siku kumi hivi: sehemu, vipeo, logi, na trigonometria. Kosa la aina hii likiingia mstari wa pili, integresheni yako inakuwa ngumu isivyopaswa, nawe unadhani integresheni ndiyo ngumu.

Na kila unapoona trigonometria, kabla ya kitu chochote kipime kikokotoo: sine ya 30 inapaswa kutoa 0.5. Ikitoa −0.988, kiko kwenye radiani, kizio kingine cha pembe. Kwenye statiki utataka nyuzi. Kwenye kalkulasi karibu kila mara utataka radiani. Unabadilisha mara nyingi kwa siku, kwa hiyo pima mara nyingi kwa siku.

Programu yako ya joto naamini umeiandika hivi: c = 5/9*(f-32). Katika lugha ya C, 5 na 9 zikiandikwa bila nukta ni namba kamili, na namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, kinachozidi kinatupwa. 5 gawanya kwa 9 inakuwa 0, na 0 mara chochote ni 0. Andika 5.0/9.0*(f-32), na hakikisha f na c umezitangaza kuwa namba za desimali. Ipime kwa majibu unayoyajua: 32 itoe 0, 212 itoe 100. Kinachofundisha hapa ni kwamba kompyuta haikulalamika kwa sababu, kwa sheria za lugha hiyo, hukukosea. Kosa la namna hii halionekani kwa kuitazama programu kwa muda mrefu. Unalipata kwa kuiamuru ichapishe thamani za katikati. Ungechapisha 5/9 peke yake ungeliona ndani ya dakika moja. Programu ikitoa ujumbe wa makosa ishirini, rekebisha la kwanza tu kisha jaribu tena. Mengi ya yaliyobaki huwa ni watoto wa hilo la kwanza.

Michoro: acha kumaliza sura moja ya kitu (ya mbele, ya juu au ya ubavu) kabla ya kuanza nyingine. Ukikoleza sura ya mbele yote kisha ukagundua sura ya juu hailingani nayo, lazima ufute, na karatasi haifuti vizuri mistari mizito. Anza kwa kupima nafasi na kuchora visanduku vyepesi vya sura zote tatu kwa penseli ya 2H, kwa mkono mwepesi kabisa. Vuta mistari kutoka sura moja kwenda nyingine ili kila ukingo na kila tundu lilingane. Vituo vya miduara kwanza, miduara baadaye, mistari iliyonyooka inayoigusa miduara mwisho. Ukiisharidhika, ndipo ukoleze kwa HB, ukianzia juu kushuka chini ili mkono usipake. Na kabla ya hayo yote soma alama ya projeksheni kwenye karatasi ya swali, inayokuambia sura zipangwe kwa mfumo wa pembe ya kwanza au wa pembe ya tatu. Kwenye pembe ya kwanza sura ya juu inakaa chini ya sura ya mbele. Kwenye pembe ya tatu inakaa juu yake. Kuchanganya hilo kunaweza kukugharimu mchoro mzima hata ukiwa safi namna gani.

Ripoti za maabara hukuzitaja, lakini zitakuja. Andika usomaji wa vipimo kwa kalamu ya wino pamoja na vizio vyake ukiwa bado mezani, na ripoti iandike siku hiyo hiyo. Mteremko wa grafu utafute kwa nukta mbili zilizo mbali kwenye mstari wenyewe uliouchora, usichukue vipimo viwili vya jedwali.

Sasa wiki tatu. Usianze kila somo ukurasa wa kwanza, maana mihadhara mipya inaendelea na utabaki nyuma daima. Mada za wiki hii zifuate wiki hii. Yaliyopita yaendee kupitia maswali: chukua karatasi ya mazoezi ya sasa, jaribu, na ukikwama jiulize ni mada gani ya nyuma inayokukwamisha. Rudi hapo tu, ishike, uje mbele tena. Kwenye statiki mnyororo ni mfupi: vekta, kani, momenti, msawazo, kisha kenchi na msuguano. Kama momenti haijakaa, hakuna kitakachokaa baada yake, kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya momenti na michoro ya kani. Wiki ya pili changanya maswali ya mada mbalimbali kwenye kikao kimoja, kwa sababu mtihani hauandiki juu ya swali kwamba hili ni la kenchi. Wiki ya tatu fanya karatasi nzima ya mwaka uliopita kwa muda uliowekwa, bila daftari na bila simu, jisahihishe, kisha shughulika na yaliyokataa tu.

Kwa siku ya kawaida, baada ya mhadhara tafuta dakika 20 kabla ya kulala: funga daftari, fanya upya mfano alioutoa mhadhiri kwa mkono wako, andika swali moja ulilobaki nalo. Wakati wa kujisomea upime kwa maswali yaliyofanywa, usiupime kwa saa ulizokaa. Maswali manne ya statiki yaliyofanywa mwanzo hadi mwisho yanatosha kabisa kwa jioni moja. Ndani ya mhadhara punguza kunakili. Kama maelezo yanagawiwa, andika tu kile anachokisema mhadhiri bila kukiandika, hasa sababu ya kuchagua njia fulani.

Na lala. Kukesha hadi saa nane kunaharibu kesho yake, na makosa ya ishara na vizio ndiyo ya kwanza kuongezeka kichwa kikichoka. Usingizini ndiko mambo uliyoyasoma yanakojikaza kwenye kumbukumbu. Saa saba za usingizi ziwe haki yako hata wiki ya mtihani.

Kuhusu ule ukimya ukumbini, usiutafsiri kuwa wenzako wameelewa. Wengi wananyamaza kwa sababu ile ile inayokunyamazisha wewe. Mfuate mhadhiri au msaidizi wake ofisini kwa saa alizotangaza, ukiwa na karatasi mkononi. Usiseme "sielewi statiki", maana hana pa kukushika. Mwonyeshe mchoro wako na useme: "Nimefika hapa, momenti kuzunguka A inanipa hivi, kitabu kinasema vile, nadhani nimekosea kani ya kamba." Kwa swali la namna hiyo dakika tano zinatosha, na akili yako inabaki nayo.

Kundi la kusoma litafute la watu watatu au wanne, na sharti liwe moja: kila mtu amejaribu maswali peke yake kabla ya kukutana. Anayeshika chaki awe yule aliyekwama, wengine wamuulize. Kundi ambalo mmoja mwepesi anafanya na wengine wananakili ni mihadhara ile ile kwa jina lingine.

Siku ya mtihani, gawa muda kwa alama. Dakika 120 kwa alama 100 ni dakika 1.2 kwa alama, kwa hiyo swali la alama 25 lina nusu saa. Ikiisha, acha nafasi uende mbele. Kila swali, hata lile usiloliweza, liwekee mchoro wa kani na milinganyo ya msawazo, kwa kuwa wasahihishaji wengi wanatoa alama kwa hatua. Beba herufi hadi mwisho ndipo uweke namba, na usikadirie tarakimu katikati ya safari.

Nyumbani waambie. Si lazima uanze na 31. Anza na kwamba mwaka wa kwanza ni mgumu na kwamba umepata njia ya kuushughulikia. Kulibeba peke yako kunakula nguvu unayoihitaji kwa kazi. Na kama usingizi umekukimbia hata usiku usiosoma, chakula hakipiti, au unaona hakuna maana ya kuendelea na lolote, basi nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii hii, wala usisubiri mtihani upite. Hilo lina uzito kuliko statiki.

Kuhusu kuhama, jaribio moja lililofanywa kwa njia mbovu ya kusoma halitoshi kuamulia maisha. Kinachotosha zaidi ni hiki: katika wiki hizi tatu, unapolifungua swali mwenyewe hadi likakubali, unataka jingine au unataka tu liishe? Mtu anaweza kuwa na uwezo wa uhandisi na asiupende, na kuhama kwa sababu hiyo ni uamuzi wa heshima. Kuhama kwa kuikimbia 31 ni hatari, maana kozi unayoiita nyepesi nayo ina mitihani yake, na njia yako ya kusoma utahama nayo. Kesho pita ofisi ya kitivo uulize mambo mawili: tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi, na jaribio la kwanza linachangia asilimia ngapi ya alama ya mwisho. Viandike vyote viwili ukutani juu ya meza yako. Kama tarehe hiyo iko baada ya mtihani wa katikati ya muhula, uamuzi usubiri karatasi ya mtihani irudi. Kama iko kabla, utumie ile karatasi nzima ya mwaka uliopita uliyoifanya kwa muda: ilinganishe na jaribio lako, swali kwa swali, kisha njoo na zote mbili kwa mhadhiri wako wa statiki mkae mzungumze.